Slabu ya Mzee Maneno

Nyumba ya Mzee Maneno ilikuwa ndiyo pekee upande ule wa Chole yenye slabu. Wengine walikuwa na baraza za bati lililoshikwa na miti, na baraza hizo ziliwatosha; mtu anakaa, anamenya mihogo, anapokea wageni. Lakini Maneno alikuwa ameendesha malori ya mizigo Dar es Salaam ujana wake wote, amepita mbele ya majengo mengi, na aliporudi kijijini baada ya kustaafu alitaka mbele ya nyumba yake kuwe na zege lililotokeza nje, pana, bila nguzo hata moja. Fundi Zaidi alimjengea. Wapita njia walisimama wakauliza, "Sasa hii inashikwa na nini?"

"Inashikwa na utaalamu," Maneno alijibu kila mara, na hakuchoka kujibu.

Chini ya slabu hiyo ndipo alipopanga kufanya harusi ya binti yake Hajira.

Naila alikuwa mtoto wa kaka yake, marehemu Seifu. Yeye na Hajira walizaliwa mwaka mmoja, wakalala mkeka mmoja, wakavaa sare za shule kwa kupokezana. Hajira alipomaliza kidato cha nne alibaki nyumbani akajifunza cherehani. Naila aliendelea, na sasa alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea shahada ya uhandisi wa ujenzi. Miezi hiyo alikuwa fildi, kwa mafunzo ya vitendo, huko Zegereni, kwenye ghala la kiwanda lililokuwa likijengwa, na alipanga chumba Kibaha pamoja na mwanafunzi mwenzake. Kila alipopata nafasi alikwenda Chole kumwona mama yake, Siwema, aliyeishi nyumba ya jirani na shemeji yake.

Ilikuwa mwishoni mwa masika, wiki mbili kabla ya harusi. Naila aliwasili mchana akakuta kikao cha shughuli kimekaa uani kwa baba yake mdogo. Alisalimia wakubwa, akaitikiwa marahaba kutoka kila upande, akapewa kigoda. Walikuwa wakijadili mahali pa kuweka ngoma.

"Ngoma itapigwa juu," Maneno alisema, akionyesha slabu kwa kidole gumba. "Wapigaji wote juu, na spika zao. Mpiga picha naye juu. Maharusi chini, katikati, wamezungukwa na taa. Watu wakitokea barabarani waone harusi kama ghorofa."

Watu wakacheka kwa furaha. Maneno akamgeukia Naila. "Injinia wetu huyu amefika. Panda ngazi mama, utuambie ngoma zikae wapi, wewe ndiye mwenye vipimo."

Alisema kwa fahari, na Naila alipanda kwa furaha, sketi ameikusanya mkono mmoja.

Juu kulikuwa na majani makavu na maji yaliyotuama. Aliyafagia kwa kandambili. Hapo ndipo alipouona ufa. Ulikuwa mahali slabu inapoungana na ukuta, umenyooka kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho, na kingo zake zilikuwa zimeota ukijani, maana yake haukuwa wa jana. Aliingiza ukucha, ukucha ukazama wote. Akalala kifudifudi, akafumba jicho moja na kutazama ukingo wa mbele. Ukingo ulikuwa umeinama katikati, kidogo, lakini umeinama.

Alikaa pale juu kwa muda. Mwalimu wao wa zege alikuwa amechora ubaoni picha ya slabu kama hii hii, akawaambia waikumbuke hata wakisahau mengine yote. Zege ni kama jiwe: likikandamizwa linavumilia, likivutwa linapasuka. Nondo, vile vyuma vya ndani, ndizo zinazovumilia kuvutwa. Slabu iliyotokeza kutoka ukutani inavutwa upande wa juu, kwa hiyo nondo zake lazima zilale juu. Zikilala chini ni kama hazimo. Na ishara ya kwanza, mwalimu alisema, ni ufa wa juu, karibu na ukuta, ambao mtu aliyeketi chini hauoni.

"Vipi mama, ngoma zinaenea?" Maneno aliuliza kutoka chini.

"Baba, nondo za hii slabu ziliwekwa juu au chini?"

"Nondo zimo ndani!" mtu mmoja alidakia, na kicheko kikazuka.

Fundi Zaidi alikuwepo kikaoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema, ambaye nusu ya nyumba za matofali kijijini hapo zilipita mikononi mwake. Hakucheka. "Ziliwekwa panapowekwa, mwanangu," alisema.

Naila alishuka. Angeweza kumvuta baba yake mdogo pembeni, au kusubiri watu waondoke. Lakini maneno yakatoka yenyewe.

"Baba, watu wasikae juu ya hii slabu. Hata chini wasikae. Ina ufa mkubwa pale kwenye ukuta. Inaweza kuanguka."

Maneno alimtazama Naila, kisha akamtazama Zaidi, na Zaidi akatazama mikono yake.

"Inaweza," Maneno alisema taratibu. "Au itaanguka?"

"Inaweza, baba."

"Hata mnazi ule unaweza kuanguka. Hata mimi naweza kuanguka hapa nilipo." Akageukia wengine. "Tuendelee. Nani anakwenda kuongea na wenye masufuria?"

*

Jumatatu, Zegereni, Naila alisubiri mafundi walipokwenda kunywa chai, akamfuata msimamizi wake, Injinia Eugenia. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kagera, mwenye sauti kubwa na kofia ngumu iliyofifia rangi, ambaye jengo zima la ghala lilikuwa juu ya mabega yake. Naila akampa simu yenye picha.

Eugenia alizikuza kwa vidole viwili, akazirudia. "Inatokeza kiasi gani?"

"Kama hatua mbili zangu, injinia. Haina boriti."

"Nondo?"

"Sijui ziko wapi. Fundi anasema zilikaa mahali pake."

"Kila fundi atasema hivyo. Na wengine wanasema kweli." Akamrudishia simu. "Mimi siwezi kukuambia kitu kwa picha, Naila. Picha haina uzito. Na sina siku ya kwenda Chole, unaona hali ilivyo hapa, wiki hii tunamwaga sakafu."

"Naelewa, injinia. Nilitaka tu uniambie kama nimekosea."

Eugenia alivua kofia akajikuna kichwani. "Nikuulize mimi. Mama yako ukimkuta ameketi chini ya hiyo kitu, utamwacha?"

"Hapana."

"Basi jibu unalo. Lakini ukilisema, liseme kwa jina lako. Usiseme Eugenia kaniambia, kwa sababu Eugenia hajaona." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Waambie waweke mirunda, miti ya kuishikilia. Waikinge kwa chini, mirunda mingi, na juu asipande mtu. Hiyo itawasaidia kwa siku moja."

Naila alimpigia Maneno jioni ile. Alijieleza vizuri safari hii, kwa heshima, akaomba radhi kwa kusema mbele ya kikao. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akakubali mirunda. Naila alilala usingizi mzuri.

Lakini mirunda ilipoletwa na kusimamishwa, Maneno alitoka nje akaitazama nyumba yake. Ile miti iliyopinda, yenye magamba, ilikuwa imejipanga mbele ya mlango wake kama boma la ng'ombe. Ile slabu isiyokuwa na nguzo hata moja sasa ilikuwa na nguzo kumi na kitu. Wakwe wangekuja kutoka Dutumi wakute nyumba ya bi harusi inatembelea magongo.

"Toeni," aliwaambia vijana. "Toeni yote. Shughuli tutaifanyia shuleni."

Uamuzi ulikuwa wake, na sababu ilikuwa yake. Lakini kijiji kilipopata habari, habari ilikuwa moja tu: Naila wa Siwema amehamisha harusi ya mwenzake.

Hajira alimpigia simu. Hakusalimia. "Umefurahi?"

"Hajira, mimi nilisema waikinge tu, wala sikusema..."

"Tangu tukiwa wadogo mimi nilikuwa nakuambia nitaolewa mbele ya nyumba yetu. Wewe ulikuwa unacheka. Sasa nitakaa uwanjani pale wanapocheza mpira."

"Ningekuwa sijaona ningenyamaza. Lakini nimeona."

"Umeona. Wewe ndiye mwenye macho siku hizi." Hajira akashusha sauti. "Naila, niambie kweli. Ni wivu?"

Naila alishindwa kujibu upesi, si kwa sababu ulikuwa wivu bali kwa sababu swali lilimshtua, na kule kuchelewa Hajira akakuchukua kuwa jibu. Akakata simu.

*

Siku ya harusi asubuhi jua liliwaka vizuri. Ndoa ilifungwa msikitini, Shaweji, bwana harusi, akitabasamu kila alipotazamwa. Alikuwa kijana anayelima nyanya Dutumi, mwenye aibu, na watu walimpenda. Baadaye shughuli ikahamia uwanja wa shule, chini ya maturubai. Hajira alikuwa amependeza sana. Naila alikwenda kumkumbatia, naye akakumbatiwa jinsi mtu anavyokumbatia mbele ya kamera.

Mvua ilikuja mchana bila kubisha hodi. Upepo kwanza, ukang'oa turubai moja na kulibeba hadi kwenye mikorosho, kisha maji. Sufuria za pilau zikafunikwa kwa mabati. Wanawake wakavua viatu. Ngoma zikalowa na kuacha kulia. Uwanja uligeuka tope, na gauni la Hajira likawa na rangi mbili, nyeupe juu na nyekundu chini.

Madarasa yalikuwa yamefungwa na mwenye funguo alikuwa hajulikani alipo. Kwa hiyo watu walikimbilia palipokuwa karibu na pakavu. Nyumba ya Mzee Maneno ilikuwa ng'ambo ya barabara tu.

Naila aliona kwa mbali. Kina mama na khanga vichwani, wazee wakishikana mikono, watoto wengi, wote wanamiminika chini ya slabu. Bibi yao, Bi Mwanne, alikuwa ameshaketishwa kwenye kiti katikati. Vijana wawili walikuwa wakipandisha ngoma juu kwa ngazi ili wazifunike kwa turubai.

Alikimbia. Aliteleza mara moja, akaanguka goti, akainuka.

"Tokeni!" alipiga kelele alipofika. "Tokeni chini! Nyie mlio juu, shukeni!"

Watu walimtazama. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni, wanja umechuruzika, kiatu kimoja hana.

"Tutoke twende wapi, mwanangu?" mzee mmoja aliuliza, kwa upole kabisa.

"Kokote! Ingieni ndani ya nyumba, nendeni kwa mama yangu, tokeni tu hapa! Kuna ufa juu, maji yanaingia, na uzito ule..."

"Sisi tumelala kwenye nyumba za udongo miaka yote," Bi Mwanne alisema kutoka kitini. "Zikianguka tunazijenga. Niache nikauke."

Watu wengine walianza kucheka. Ndani ya nyumba kulijaa vyombo na mizigo ya wakwe, mlango umezibwa. Hakuna aliyesogea. Naila akajua kwamba akilia sasa hawatatoka kamwe.

Mama yake alikuwa miongoni mwao. Siwema alikuwa amesimama karibu na ukuta, doti jipya la khanga amelibana kifuani lisilowe. Alimtazama mwanawe. Akatoka akasimama kwenye mvua.

Alisimama pale nje, maji yakimlowesha kichwa, mabega, doti lile jipya, akiwatazama wenzake. Kisha akarudi hatua chache, akamwinua Bi Mwanne kitini kwa kumshika kwapani, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, akaenda naye taratibu kuelekea nyumbani kwake. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kubaki. Mmoja alitoka, wawili wakatoka, watoto wakaona ni mchezo wakaruka wote kwenye maji. Vijana wa juu walishuka wakiguna. Mwisho palibaki kiti kitupu.

Kundi zima lilisimama barabarani kwenye mvua, likitazama slabu. Na Naila akaitazama.

Sasa hakuna mtu, alijisemea. Sasa anguka.

Alishangaa kusikia wazo hilo ndani yake, na halikuondoka. Anguka. Anguka mbele ya macho yao. Ivunjike vipande, iponde kile kiti, ili huyu mzee asiniulize tena tutoke twende wapi. Alikuwa akiomba, hakuna jina jingine, alikuwa akiomba kwa moyo wote nyumba ya mtu aliyemlea iharibike.

Slabu ilikaa. Maji yalimwagika kwenye ukingo wake kama pazia, na chini yake palikuwa pakavu kabisa. Mvua iliendelea, kisha ikapungua, kisha ikakatika. Jua likatoka. Slabu ikaanza kufuka mvuke.

"Haya," mtu alisema, "tumeoga."

*

Watoto walimpa jina. Alipopita wakaimba, "Itaanguka! Itaanguka!" na kujishika vichwa. Naila akapunguza safari za Chole. Alimwambia mama yake kwamba kazi zimezidi.

Zegereni kazi zilikuwepo kweli. Alipima, alihesabu, alisimama juani akitazama zege likimwagwa. Lakini alikuwa amebadilika, alichelewa kusema. Fundi akimuuliza kama nondo zimekaa sawa, alikagua mara tatu na bado akasema, "Ngoja injinia aje." Darasani walikuwa wamefundishwa kuuzidisha uzito na kuipunguza nguvu kabla ya kuanza hesabu yoyote, ili katikati ibaki nafasi. Alikuwa akiifanya hesabu hiyo tangu mwaka wa kwanza bila kujiuliza nafasi ile ni ya nini. Sasa aliona kwamba ni ya kutojua. Wahandisi walikuwa wamekubaliana tangu zamani kwamba hawajui, wakakupa kutojua kwao namba, wakaendelea na kazi. Ila hakuna somo lililomfundisha kuieleza namba hiyo kwa watu waliolowa mvua.

Eugenia aliona. Siku moja walipokuwa wakila wali kwa mama ntilie nje ya geti, alimuuliza, "Ile slabu ya kwenu?"

"Ipo, injinia. Haikuanguka."

"Na wewe unatembea kama vile imekuangukia wewe." Eugenia alikula kidogo. "Nilipoanza kazi, Morogoro, nilisimamisha mafundi wasimwage zege la ghorofa ya pili. Nguzo mbili sikuziamini. Bosi wangu alikasirika, baadaye walizinenepesha kidogo ili kuninyamazisha, wakaendelea. Mimi nikahamishwa. Jengo lile lipo. Nikienda Morogoro napita pale makusudi, nalitazama. Wamelipaka rangi, kuna duka la dawa chini."

"Kwa hiyo ulikuwa umekosea?"

"Sijui."

"Au kule kuzinenepesha ndiko kulikolishikilia?"

"Sijui, Naila. Nimekuambia, napita pale nalitazama. Sijui." Akasukuma sahani. "Kazi hii ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea. Ukiifanya kwa woga wa bure, napo hakuna kinachotokea. Ukisimama nje huwezi kutofautisha. Kama hilo litakukosesha usingizi, kuna kozi nyingine nzuri tu."

Naila hakulala vizuri usiku ule. Lakini kesho yake fundi alipomuuliza kuhusu nondo, alijibu.

*

Maneno alipiga simu kiangazi kilipokuwa kimekolea. Naila alikuwa amebakiza siku chache za fildi.

"Njoo," alisema. "Nataka kuivunja. Uje uniambie namna ya kuivunja isije ikaua mtu."

Alimkuta ameketi nje, kwenye jua, hatua kadhaa kutoka kwenye slabu yake. Alikuwa amezeeka kidogo. "Hakuna anayekaa pale tena," alieleza, bila kulaumu. "Mgeni akija namkaribisha, anatazama juu, anasema hapa hapa panatosha. Mke wangu anamenyea mihogo jikoni. Hata mimi nikikaa pale natazama juu. Sasa nyumba gani hii ya kutazama juu?"

"Samahani, baba."

"Sijakuita uombe samahani. Nimekuita uniongoze."

Fundi Zaidi alikuwa ameomba avunje yeye mwenyewe. Tangu harusi, watu wawili walikuwa wameahirisha kazi walizomwahidi. Naila alijua, na alipomwamkia hakuweza kumtazama machoni. Zaidi aliitikia marahaba, akauliza tu, "Tuanzie wapi?"

Alimwonyesha. Kwanza mirunda, mingi, chini ya urefu wote, ile ile iliyokataliwa. Kisha kuanzia ukingo wa mbele, kipande kwa kipande, kurudi ukutani. Zaidi na kijana wake walipanda na nyundo kubwa.

Zege lilikuwa gumu. Nyundo ziliruka na kurudi. Kijiji kilikusanyika barabarani, kama kilivyokusanyika siku ya mvua, na minong'ono haikuchelewa. "Mbona haivunjiki?" "Na hii ndiyo iliyokuwa ianguke?" Naila alisimama akisikia kila neno. Alijua kwamba ugumu chini ya nyundo ni kitu kimoja na kushika uzito ni kitu kingine, na alijua pia kwamba huu haukuwa wakati wa kulisema.

Mchana walifika kwenye ukuta. Zaidi aliacha kupiga. Akapangusa vumbi kwa kiganja, akamwita Naila. Naila akapanda, na Maneno, ambaye hakuwa amepanda ngazi ile hata siku ya kikao, akapanda nyuma yake.

Nondo zilikuwa wazi sasa. Hazikuwa juu. Hazikuwa chini pia. Zililala katikati, zimepinda kama kamba iliyolegea, na pale ufa ulipokuwa zilikuwa zimeanza kuliwa na kutu, si zote.

"Mimi nilizipanga juu," Zaidi alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi, nilizipanga juu. Nilizifunga kwa mikono yangu."

Naila alichuchumaa akazigusa. Zilikuwa zimefungwa vizuri, kila makutano na waya wake. "Naona," alisema. "Zilikanyagwa."

Maneno alikuwa akitazama nondo. Alikuwa akikumbuka. Siku ya kumwaga zege aliita watu wote, kama ilivyo desturi. Vijana na ndoo, wanawake na maji, chakula kingi. Walipita juu ya zile nondo kwenda na kurudi mchana kutwa. Wakaimba. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama katikati na viatu vyake vya mvua, akielekeza.

"Tulikuwa tunacheza juu yake," alisema. "Zaidi alikuwa anatukataza. Kumbuka, Zaidi, ulikuwa unatukataza, na mimi nikakuambia acha watu wafurahi."

Mabega ya Zaidi yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Maneno akamgeukia Naila. "Sasa niambie. Ingeanguka au isingeanguka?"

Naila alizitazama nondo. Angetaka sana kuwa na jibu.

"Sijui, baba."

"Miaka yote hiyo chuoni?"

"Ndiyo, baba. Ingeweza kukaa mpaka wajukuu zako. Ingeweza kuanguka siku ile. Nisingemweka mtu chini yake. Zaidi ya hapo sijui."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Alishuka ngazi taratibu, akawageukia waliokuwa barabarani, akasema kwa sauti ile ile aliyozoea kujibia wapita njia, "Fundi alizipanga vizuri. Tulizikanyaga wenyewe. Mimi wa kwanza." Kisha akaingia ndani kutafuta maji ya kunywa.

*

Hajira alikuwa amekuja kutoka Dutumi kuona. Alikuwa na mimba changa, anatembea taratibu, na Naila hakuwa amezungumza naye tangu harusi zaidi ya salamu za kwenye simu za watu wengine. Alimkuta nyuma ya nyumba, akiwa peke yake kwenye jiwe la kufulia.

"Umeona?" Naila aliuliza.

"Nimemsikia baba."

Naila akakaa chini, mgongo ukutani. Vumbi la zege lilikuwa limemjaa nywele. Kwa mbele, nyundo zilikuwa zimeanza tena.

"Ile siku ya mvua," Hajira alisema bila kumtazama, "wewe ulipokuwa unawatoa watu, mimi nilikuwa nimekuja nyuma yenu. Nimesimama kule kwenye mikorosho na gauni langu. Shaweji ananiambia turudi, mimi sitaki. Nilikuwa naiangalia tu ile slabu. Nilikuwa naomba ianguke."

Naila alimgeukia.

"Usinitazame hivyo. Nilitaka ianguke ili yale matope yangu yawe na sababu. Nilisema moyoni, Mungu wangu, kama umeninyima harusi yangu, basi angalau iangushe."

"Hajira."

"Najua ni vibaya. Nyumba ya baba yangu."

"Hajira, na mimi nilikuwa naomba hivyo hivyo."

Walitazamana. Hajira ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani kwanza, kisha akashindwa kujizuia, mkono mmoja tumboni, na Naila akacheka hadi vumbi likamwingia machoni. Mama Hajira alichungulia dirishani kuona kuna nini, akawaacha.

Walipotulia, Hajira alijifuta kwa ncha ya khanga. "Shaweji ameanza msingi wa nyumba kule Dutumi," alisema. "Chumba na sebule tu, na baraza. Nataka uje uone. Kabla hawajainua ukuta, wala si baada."

"Nitakuja."

"Lakini uje umwambie pembeni, Naila. Akiwa peke yake. Mume wangu ana aibu yule."

"Pembeni," Naila alikubali. Akanyanyuka, akampa mwenzake mkono amsaidie kuinuka, na wakaenda mbele kuwapelekea mafundi chakula.